Walikosea palepale, kila Alhamisi

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko Kenya, ile komini, yaani kata, ya mji wa Lubumbashi, Katanga, kule Kongo, si nchi (wasomaji wa mbali huchanganya), na kwa miaka mingi nimekuwa nikiimba tenor katika kwaya ya parokia moja kule Katuba. Kutunga nyimbo hakuna aliyenifundisha. Nilianza mwaka 2016, nikishona sare za harusi, mguu kwenye pedali na kichwa mbali. Cherehani ya mguu ina mapigo yake. Ukikaa nayo mchana kutwa, wimbo unakujia wenyewe hata usipouita.

Wimbo wa kwanza nilioona unafaa kusikika na watu ulikuwa "Bwana utuhurumie" wa sauti nne: soprano na alto za wanawake, tenor na besi za wanaume. Niliuandika kwa kalamu, kisha mtoto wa dada yangu akaniwekea MuseScore kwenye kompyuta yake kuukuu. Ni programu ya bure: unapanga noti kwenye mistari mitano, unabonyeza, na mashine inakupigia ulichoandika. Siku niliyosikia zile sauti nne zikienda pamoja nilirudia na kurudia mpaka betri ikaisha, na umeme haukuwapo. Nikalala nikiamini kwamba kazi imekwisha.

Asubuhi niliutuma kwa WhatsApp kwa watu kumi na saba: wanakwaya wenzangu, rafiki wawili wapiga gitaa wa Kamalondo, shemeji yangu aliyeko Likasi, na papa mmoja (kwetu ni mzee wa heshima) mstaafu ambaye zamani alifundisha muziki shuleni. Chini yake niliandika: "Nimetunga. Mnauonaje?" Kumi na mmoja walijibu kwa kidole gumba. Wawili waliandika "courage", yaani jipe moyo. Shemeji aliandika "Mungu akubariki sana", halafu akaulizia suruali yake. Wale wapiga gitaa wakanyamaza. Papa mstaafu alijibu kwa maneno matatu: "Kuya na karatasi."

Vile vidole gumba vilinifurahisha kwa siku mbili, kisha vikaanza kuniudhi, na sikuwa na haki ya kuudhika. Swali la "mnauonaje", kwetu, lina jibu moja tu la adabu. Mtu akikuletea mtoto wake mchanga umwone, humwambii kwamba masikio ni makubwa. Unasema mtoto ni mzuri, anafanana na babu yake, na unatoa sabuni. Mimi niliwapelekea watu kichanga halafu nikatarajia wanipe ripoti ya daktari.

Basi nikaenda na karatasi kwa papa, Kamalondo. Alivaa miwani, akaweka karatasi magotini, na kwa dakika nyingi sikusikia kitu ila midomo yake ikichezacheza. Hakuomba kusikiliza odio niliyokuwa nayo kwenye simu. Nilipoitoa alitikisa mkono, akaendelea kusoma. Mwishowe aliweka kidole kwenye mstari wa besi.

"Besi bako batapumua fasi gani?"

Sikuelewa. Akaanza kunihesabia vipimo, kimoja kimoja, vile vyumba vya mapigo kati ya mistari ya wima ambavyo kwaya yetu huviita mezire: kimoja, viwili, vitatu, mpaka tisa. Vipimo tisa mfululizo bila pumziko hata la nusu pigo, tena kwa mwendo wa pole. Halafu kidole kikashuka mpaka noti ya mi ya chini kabisa, niliyoiandika kwa sababu mashine iliipiga kwa sauti nene iliyonipendeza.

"Na hii, utaimbisha nani? Kiboko?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Aliniambia mashine haina mapafu, ndiyo maana haikulalamika. Jambo la pili nililigundua mwenyewe nikiwa njiani kurudi, nikisikiliza ile odio kwa simu katikati ya kelele za barabara: besi haisikiki. Spika ya simu ni ndogo kuliko kifungo cha koti, na sauti za chini haziwezi kabisa. Wale watu kumi na saba walikuwa wamepokea soprano, alto kidogo, na mluzi. Palipokuwa na ubovu hapakumfikia mtu yeyote. Tangu siku hiyo, nikituma odio naomba mtu avae visikizi, na kama hana, simtumii.

Lakini kabla sijaondoka papa alinipa shauri lililobadilisha kila kitu nilichofanya baadaye. Alisema: "Beleka ku repetisyo. Usiseme ni ya nani. Bataimba, weye shika bic, andika kila fasi batakosea." Yaani niupeleke mazoezini, nishike kalamu, niandike kila mahali watakapokosea. Nikauliza, na nikishaandika? Akasema nirudi.

Mwongozaji wetu alikubali kuwafundisha wimbo bila kutaja mtunzi. Mazoezi yetu ni Alhamisi jioni. Tuko kama thelathini hivi tukijaa, na wanaosoma noti hawafiki wanane. Wengine wote hujifunza kwa sikio. Mwongozaji anaimba mstari, sauti ya kwanza inarudia, kisha ya pili, ya tatu, ya nne, halafu mnaunganisha. Njia hii wasomi huidharau. Mimi nimekuja kuiheshimu, kwa sababu mtu anayejifunza kwa sikio habebi kitu kisichobebeka. Kikimtoka kinywani kimebadilika, kuna sababu.

Nilikaa nyuma na daftari la vipimo vya wateja, nikafungua ukurasa mweupe baada ya kiuno cha mtu fulani. Neno "utuhurumie" lina silabi sita. Mimi nilikuwa nimeziandika hivi: tano za kwanza, u-tu-hu-ru-mi, za haraka na za kulingana, kisha "e" ya mwisho nikaipandisha juu na kuishikilia mapigo matatu. Kwenye mashine ilikuwa tamu, kama mlango unaofunguka. Mwongozaji akaimba vizuri kama nilivyoandika. Soprano wakarudia: utuhuru haraka, wakakaa kwenye "mi" mapigo mawili, na "e" wakaiangusha chini kama mtu anayeweka ndoo. Mwongozaji akawakatiza. Akaimba tena. Wakarudia, na wakakosea vilevile. Wakafuata alto, ambao hawakuwa wamejaribu bado, nao wakakosea palepale. Tenor, palepale. Nilishuka jasho. Neno "Bwana" nalo lilikuwa na maradhi hayohayo: niliandika "na" juu na ndefu, wao wakavuta "bwa", kisha "na" ikameza "u" inayofuata, wakaimba "Bwana'tuhurumie" na kuniibia noti nzima.

Alhamisi ya pili ikawa hivyo. Ya tatu, nilikuwa nimeshawakasirikia. Nilisema moyoni kwamba kwaya hii haina masikio, na nikaanza kufikiria kuwapelekea wengine. Wakati wa mapumziko mama mmoja wa alto, mwenye umri wa mama yangu, asiyejua kwamba wimbo ni wangu (au alijua, akina mama wa kwaya hawafichiki kitu), aliniambia huku akifungua chupa ya maji: "Mwana, hii wimbo njo muzuri. Lakini kwa mwisho inatukamata mu shingo."

Nikarudi Kamalondo na daftari. Papa alisoma orodha, akaniomba niseme "utuhurumie" kama ninavyosema nikiongea, bila kuimba. Nikasema. Akasema tena, polepole: utuhuruMIe. Sema huruma. HuRUma. Sema Bwana. BWAna. Kila neno nililosema, uzito ulikaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama inavyokaa katika karibu kila neno la Kiswahili, na sikuwahi kulifikiria maishani mwangu kwa sababu samaki hafikirii maji. Kisha akauliza swali ambalo lilinivua nguo: "Uliwaza hii melodi na Kiswahili, ao na Kifaransa?"

Ilikuwa Kifaransa. Nilipokuwa nikishona, maneno yaliyokuja na ule wimbo yalikuwa "Seigneur, prends pitié", tulivyozoea kuimba misa ya Kifaransa. Mfaransa huegemea mwisho: sei-GNEUR, pi-TIÉ. Ile noti yangu ya juu, mlango unaofunguka, ilikatwa kwa kipimo cha "tié". Nilichofanya baadaye ni kuchukua nguo ya mtu mmoja na kumvika mwingine, nikajaza silabi tano za haraka mahali pa kuvuta kitambaa. Kwaya nzima, bila kujua nadharia yoyote, ilikuwa ikiirudisha nguo mabegani pake kila Alhamisi, nami nikiwaita viziwi.

Aibu yangu kubwa ni kwamba kazini nalijua jambo hili tangu ujana. Mteja akija kujaribu nguo simuulizi kama ameipenda, maana atasema ndiyo, tumefahamiana na ameshaacha arabuni. Namwambia ainue mikono, akae, ainame kama anayeokota ufunguo. Naangalia kitambaa kinavuta wapi. Mikunjo haina adabu. Iweje basi nguo niipime mwilini, na wimbo niulizie kwa maneno?

Papa ndiye aliyenisimulia siku hiyo habari ya Missa Luba, misa ya kuimbwa. Jina nililijua, habari yake sikuijua. Ilitokea Kamina, huku huku Katanga, mwaka 1958, kwa padre Mbelgiji, Guido Haazen, na kwaya yake ya wavulana na walimu wao iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Maneno ni Kilatini kitupu. Lakini muziki haukuanza kwenye karatasi: waimbaji walibuni kwa pamoja juu ya namna za kuimba walizozijua kwao, na Kyrie yake, ambayo ni "Bwana utuhurumie" hiyohiyo, waliiegemeza kwenye kasala, maombolezo ya Waluba. Noti ziliandikwa baadaye. Papa alirudia mara mbili: baadaye. Kinywa kilitangulia, karatasi ikafuata, na dunia nzima ikanunua ile sahani ya santuri. Kwa upande mwingine, akaongeza, mji huu huu ulikuwa na Joseph Kiwele, mtunzi aliyejua karatasi vizuri mno, mtu wa misa na wa wimbo wa taifa wa ile Katanga iliyojitenga mwaka 1960. Kwa hiyo nisije nikadhani kwamba kutojua kuandika ni sifa. Alinitazama juu ya miwani aliposema hivyo.

Nikaandika upya. "Mi" nikaipa mapigo mawili na ile noti ya juu, "e" ikashuka. "Na" na "u" nikaziunganisha kwenye noti moja, kama walivyoniibia. Soprano walikuwa wakichoka na kushuka toni kwenye sol ya juu, hivyo nikashusha wimbo mzima kwa toni moja, na hapo besi, ambao tayari walikuwa wanachimba, wakatoweka ardhini. Ukikaza kiuno, mabega yanalalamika. Mstari wa besi nimeuandika mara nne. Mara ya nne niliwaandikia pumziko kila baada ya vipimo viwili, na papo hapo wakawa wanaimba kwa sauti kubwa kuliko wote, hata ikabidi waombwe kupunguza.

Uliimbwa Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, 2017. Hakuna aliyesema kitu baada ya misa, na kwa wimbo wa kuomba huruma hiyo ni sawa.

Sasa, asidhani mtu kwamba waimbaji wana haki daima. Kwa miezi kadhaa niliabudu makosa yao kupita kiasi, nikawa nabadilisha wimbo kila mtu akikohoa. Daftari ndilo lililonirudishia akili. Wakikosea kila mmoja kwa namna yake, huyu juu, yule chini, wa tatu ameruka neno, hawajajifunza. Hiyo ni kazi ya mwongozaji. Wakikosea wote kwa namna moja, na wiki inayofuata wakakosea hivyohivyo, nachukua kifutio. Kuna na aina ya tatu ambayo ilinichukua muda kuitambua: mahali ambapo hawakosei lakini hawaimbi, wanapita tu, macho kwenye simu. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote na bado sijapata dawa yake. Mara nyingi nafuta ubeti mzima.

Wale rafiki zangu wapiga gitaa nilikuja kuwaelewa pia. Walinyamaza kwenye WhatsApp, lakini nilipowatembelea jioni moja, mmoja alichukua gitaa bila kusema neno akaupiga wimbo wangu kwa kidole gumba na cha shahada, kama wazee wa hapa wanavyopiga, ila aliuharakisha na kuongeza kipande kati ya mstari wa kwanza na wa pili. Nikasema, hapo hapana kipande. Akasema, "Eyo, mi pia niliona ilikosa." Hayo ndiyo maoni yake, na hakuwa na mengine. Ni tabia ya kale kwetu. Mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, leo Likasi, alikuwa akiugeuzageuza wimbo wake Masanga kila alipoushika; wapiga gitaa wa Kamalondo wanachukulia kwamba wimbo ulioandikwa ukaganda ni wimbo mgonjwa. Kile kipande nimekiacha. Kimo mpaka leo, kwa sauti ya besi peke yao.

Kilichoniumiza zaidi kilitoka kwa mtaalamu. Nilihudhuria semina ya watunzi wa nyimbo za kanisa, nikampa mwezeshaji karatasi. Alizirudisha siku ya pili na viduara vyekundu kumi na vinne. Kwinti sambamba, oktava sambamba (sauti mbili zinatembea pamoja kwa umbali uleule), sauti zimevukana. Mbele ya watu wote alisema kwamba mtunzi huyu angejifunza kwanza, ndipo atunge. Nilirudi nyumbani, nikaweka karatasi chini ya godoro, na kwa miezi miwili cherehani haikuniletea chochote, ilikuwa inalia tu kama chuma.

Nilipopata nguvu niliweka viduara vyake upande mmoja na daftari la Alhamisi upande wa pili. Viduara vitatu viliangukia mahali palepale ambapo kwaya ilikuwa ikihangaika. Hapo mtaalamu alinipa kitu ambacho waimbaji wasingeweza kunipa: sababu. Kwa mfano, tenor na besi walikuwa wakitembea pamoja kwa kwinti, na mimi niliandika daftarini "hapa panasikika patupu, kama chumba kilichohamwa", bila kujua kwa nini. Sasa nilijua. Vile kumi na kimoja vilivyobaki vilikuwa mahali ambapo kwaya huimba kwa furaha, hasa pale ambapo soprano na alto wanapanda pamoja na tenor wakiwafuata, kama watu wetu wanavyopangana wenyewe kwenye msiba au harusi bila kuandikiwa. Hivyo nimeviacha. Inawezekana yeye anasikia humo ubovu ambao mimi bado sijakua kuusikia. Namba yake ninayo, na siku hizi humtumia karatasi, ila namuuliza mahali pamoja tu: kipimo cha tano, alto, kwa nini panalegea? Kwa swali la namna hiyo hajawahi kunijibu vibaya. Ni mtu mwema, kumbe. Nilimpa wimbo mzima na swali lisilo na kichwa, akafanya alichoweza.

Watu huniuliza kama siogopi kuibiwa. Wamenichukulia wimbo mmoja, naujua, nimeusikia Ruashi na ubeti ambao sikuutunga. Nilikasirika kama saa moja. Ubeti wenyewe una mizani nzuri.

Papa hayupo tena. Aliniacha nikiwa na nyimbo tisa, na karatasi zake za muziki familia ilinipa sanduku zima, zimo pamoja na vitambaa.

Sasa nina "Utukufu" mpya tunaoufanyia mazoezi. Kwenye neno "amani" niliandika tenor wapande mpaka sol, na nimelipima neno, silabi nzito iko mahali pake, pumzi ipo, sauti haiko juu mno. Kwa hesabu zote pako sawa. Tenor wanaimba fa. Alhamisi nne sasa, fa. Nilimwambia mwongozaji awarudishe kwenye sol, wakapanda, wakaimba mara mbili, na tulipounganisha sauti zote nne wakashuka tena. Mimi nasimama nao, safu ya pili, kulia. Wiki iliyopita nilijisikiliza, na nilikuwa naimba fa.

Nimeweka alama ya kalamu. Noti bado sijaigusa.